Tuta Lipimwe Kabla Halijajaa Maji

Bondeni kwetu Pemba palikuwa na mzee aliyekuwa akilipima tuta kwa mshipi wa kuvulia samaki. Tuta lilikuwa la udongo, limejengwa kuzuia maji ya chumvi yasiingie kwenye mpunga wakati wa bamvua. Mzee alichimbia chuma kwenye jiwe la upande huu wa bonde, na chuma cha pili kwenye jiwe la upande wa pili, vyote viwili nje ya tuta. Bamvua likishapita, alifunga mshipi kwenye chuma cha kwanza, akauvuta hadi cha pili mpaka ukiugusa unalia, kisha akatembea juu ya mgongo wa tuta akiangalia vigingi vyake vya mkandaa kimoja kimoja. Kigingi kilichokuwa chini ya mshipi mwezi uliopita, bado kipo chini yake? Kikiwa kimesogea kuelekea bondeni, alipima kwa vidole: wanda mmoja, wanda mmoja na nusu, nyanda mbili. Kila kipimo alikifungia fundo kwenye kamba aliyoitundika nyuma ya mlango wa chumba chake.

Mimi nilikuwa mtoto wa skuli, na kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya mshipi usilegee. "Usivute sana, mwanangu," akiniambia. "Ukiukata, tunaanza upya."

Alipofariki, ile kamba hakuna aliyeiuliza. Miaka kadhaa baadaye tuta lilikatika usiku wa bamvua la Machi. Maji ya chumvi yalilala bondeni siku tatu, na yalipotoka miche yote ilikuwa imegeuka rangi ya majani makavu ya mgomba. Akaja ofisa kukagua. Swali lake la kwanza lilikuwa la maana kabisa: tuta lilianza lini kuinama? Watu wakatazamana. Jibu lilikuwa limefungwa kwenye mafundo, na kamba haikuwapo.

Nimefanya kazi ya upimaji wa ardhi kwa miaka mingi sasa, na kila ninaposoma namna mabwawa makubwa ya udongo duniani yanavyochungwa kwa setilaiti, namkumbuka mzee yule. Kazi ni ileile: alama mbili zisizosogea, alama nyingine juu ya tuta, na mtu anayerudi kila baada ya muda kuuliza swali lilelile. Kilichobadilika ni mshipi. Nami hoja yangu ni moja. Kila tuta na kila bwawa la udongo linalojengwa kwa fedha za umma katika visiwa vyetu lichukuliwe kipimo chake cha kwanza kabla maji hayajaingia, kwa sababu hicho ndicho kipimo pekee ambacho ukikikosa hukipati tena kwa fedha yoyote.

Jambo hili si la mbali na sisi. Maeneo ambayo bahari inapanda mashambani Zanzibar yamehesabiwa kuwa zaidi ya 100, mengi yakiwa Pemba, na matuta yamejengwa kuyaokoa baadhi yake, Kisiwa Panza pakiwa pamoja napo. Upande wa maji matamu, mradi mkubwa wa umwagiliaji uliotokana na mkopo wa Korea Kusini umegusa mabonde ya Cheju, Kilombero, Kibokwa na Chaani kwa Unguja, na Makwararani na Mlemele kwa Pemba, kwa mifereji, visima na mabwawa ya kuhifadhia maji ya mvua. Sisi ni watu wa wali, na mchele mwingi tunaokula tunaununua nje. Kwa hiyo udongo uliorundikwa na kushindiliwa kando ya bonde unalinda chakula na deni kwa pamoja.

Tuta lolote la udongo husogea, na hilo peke yake halimtishi anayeijua kazi. Udongo uliomwagwa na kushindiliwa hutitia kwa uzito wake wenyewe, na sehemu kubwa ya kutitia huko hutokea miaka ya mwanzo. Maji yakijaa kwa mara ya kwanza hulisukuma tuta kuelekea upande mkavu. Bwawa likipungua kiangazi hurudi kidogo, masika ikija husukumwa tena. Linaloonyesha hatari ni mwendo kubadilika. Chukua mfano wa kufundishia: tuta linalotitia milimita 10 mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili na 3 mwaka wa tatu linatulia. Jingine linalotitia 3, kisha 5, kisha 10, linaelekea kubaya, ingawa jumla ya matuta yote mawili ni milimita 18 ileile. Mtu akija mwaka wa nne na chombo cha thamani kubwa kuliko vyote duniani, hawezi kuyatofautisha, maana historia haipo.

Kwenye tuta la kuzuia maji ya chumvi hata sentimita chache zina neno. Bahari yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na tuta lenyewe mara nyingi lina kimo cha mita moja au mbili tu juu ya bonde. Pahala pamoja pakitopea kwa upana wa kiganja, maji hayatachagua pengine pa kupita. Yatapita hapo, yataanza kukwangua, na kabla ya alfajiri mlango umeshafunguka.

Sasa setilaiti zinaingiaje? Nikilitaja jambo hili mbele ya watu, wengi hutoa simu zao. Simu hukuonyesha ulipo kwa kosa la mita 3 hadi 5, na tuta linasogea kwa milimita, basi wanaona nazungumza ndoto. Lakini simu na kipokezi cha mpima ardhi husikiliza vitu viwili tofauti. Setilaiti za GPS huzunguka takriban kilomita 20,200 juu yetu, na kila moja hutuma msimbo wenye saa ndani yake. Simu husoma msimbo. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya bilioni ya sekunde, umbali umekosewa kwa sentimita 30. Kipokezi cha upimaji, zaidi ya msimbo, husoma wimbi lenyewe linaloubeba. Wimbi hilo lina urefu wa sentimita 19 hivi, na chombo kizuri hutambua sehemu ya mia moja ya wimbi, yaani kama milimita 2. Kazi ngumu ni kujua kati ya setilaiti na antena pamepita mawimbi kamili mangapi, na kwa ajili hiyo antena huachwa mahali pamoja kwa saa moja, saa tatu, na pengine usiku kucha, huku setilaiti zikihama angani na hesabu ikijikaza.

Halafu vipokezi huwa viwili au zaidi. Kimoja kipo kwenye jiwe, kingine juu ya tuta, mita mia chache kati yao. Vyote vinaona setilaiti zilezile kupitia anga ileile, na ukitoa hesabu ya kimoja kwenye ya kingine, makosa ya saa, ya njia ya setilaiti na ya anga karibu yote hufutana. Kinachobaki ni umbali baina ya jiwe na tuta, kwa usahihi wa milimita chache. Jiwe ni kile chuma cha mzee.

Umuhimu wa jiwe hilo unazidi ukijua kwamba kisiwa chenyewe hakijatulia. Mvuto wa mwezi na jua unaotuletea bamvua na maji mafu unainua nchi kavu pia: ardhi tunayoikanyaga hupanda na kushuka kwa kiasi kinachoweza kufika sentimita 30, mara mbili kwa siku, na hakuna anayehisi. Bahari ikijaa, uzito wa maji hukikandamiza kisiwa kwa kiasi kinachoonekana kwenye vipimo. Na bamba la Somalia, kipande kikubwa cha gamba la dunia kilichobeba visiwa vyetu mgongoni, linasafiri kuelekea kaskazini mashariki kwa sentimita 2 hadi 3 kila mwaka. Minazi, misikiti, matuta na mawe vyote vinakwenda pamoja. Anayepima kwa kipokezi kimoja tu, bila jiwe la kulinganisha, baada ya miaka 10 ataripoti kwamba tuta limehama robo mita, na hakuna udongo hata chembe uliotoka mahali pake. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu kuna huduma mpya zinazotolewa bure kutoka angani, kama ile ya usahihi wa juu ya Galileo, setilaiti za Umoja wa Ulaya, iliyoanza Januari 2023, na ni rahisi kudhani zimemaliza kazi. Zinakupa usahihi wa kiasi cha sentimita 20. Kwa ramani ni neema kubwa. Kwa tuta hazitoshi.

Kuna mambo ya kwetu hasa ambayo mwongozo ulioandikwa ughaibuni hautakwambia. Anga ya ukanda wetu huchafuka jua likishakuchwa. Tabaka la juu lenye chembe za umeme hupata misukosuko, zaidi miezi ya karibu na Machi na Septemba na miaka ambayo jua limechangamka, na kipokezi hupoteza hesabu ya mawimbi. Basi upimaji wa asubuhi una heri kuliko wa magharibi. Maji ya bwawa yaliyotulia huakisi mawimbi kama kioo, na antena husikia sauti mbili badala ya moja. Dawa yake ni antena yenye sahani pana chini yake, na kukaa muda mrefu. Minazi na mikandaa huziba anga. Na udongo wa mabonde ya Pemba, ule mweusi unaonata kwenye kiatu, huvimba masika na kupasuka kiangazi, kwa hiyo alama iliyochimbiwa nusu mita tu itapanda na kushuka na msimu huku tuta limetulia. Nguzo lazima ishuke chini ya kina cha mipasuko hiyo, na vipimo vya mwaka hadi mwaka vilinganishwe mwezi kwa mwezi: mwisho wa kiangazi kwa mwisho wa kiangazi, baada ya masika kwa baada ya masika.

Jiwe nalo lisiaminiwe kwa macho. Sehemu kubwa ya visiwa vyetu imekaa juu ya chokaa cha matumbawe, na chokaa huyeyuka kwa maji ya mvua. Ndiyo asili ya mapango ya Mangapwani na Kuumbi. Huko Iraki bwawa la Mosul, tuta lenye kimo cha mita 113, lilijengwa juu ya jasi inayoyeyuka kwa maji, na tangu miaka ya 1980 mafundi wanasindika saruji chini yake. Sisi hatujengi kitu cha ukubwa ule, lakini anayechagua jiwe la rejea Unguja au Pemba achague mawili, na matatu ni bora, ili moja likitopea mengine yalishuhudie.

Nikiri pia panapofaa chombo kingine. Setilaiti zote ziko juu yetu, hakuna iliyo chini ya miguu, kwa hiyo kipimo cha kwenda juu na chini huwa dhaifu, kwa kawaida kama mara mbili ya kile cha kwenda pembeni. Kwa tuta la mita 200 la bondeni, anayetaka kujua tu kama limetitia atumie darubini ya usawa na mti wa kupimia kutoka kwenye jiwe. Ni kazi ya asubuhi moja na ni sahihi zaidi. Setilaiti zinastahili pale tuta ni refu, au linapinda, au jiwe la upande mmoja halionekani kutoka upande wa pili, na zaidi pale tunapotaka kujua kama tuta linasukumwa kuelekea mashambani. Kuna na rada za angani, kama Sentinel-1 iliyorushwa 2014, ambazo picha zake hutolewa bure na hugundua kutitia kwa ardhi kwa milimita. Kwenye miji na majabali zinafanya ajabu. Juu ya tuta jembamba lililofunikwa na majani mabichi mwaka mzima, kama yetu, mwangwi wake hupotea, isipokuwa uweke vioo maalumu vya chuma vya kuurudisha.

Na kuna hatari ambayo hakuna kati ya hivyo vyote kitakachoiona mapema. Tarehe 5 Juni 1976, bwawa la udongo la Teton, jimbo la Idaho huko Marekani, lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi mapema wafanyakazi waliona maji yakichuruzika. Kabla ya adhuhuri tuta la mita 93 lilikuwa limebomoka, na watu 11 wakapoteza maisha. Maji yalikuwa yakila udongo kutokea ndani. Kwa ugonjwa huo anahitajika mtu wa kutembea chini ya tuta kila siku, ainame pale panapovuja, ayakinge maji kwenye chupa na kuyatazama kwenye mwanga. Maji maangavu, tuta linapumua. Maji ya tope, udongo unatoka, na hapo wa kupigiwa simu apigiwe saa hiyo hiyo. Nisingependa kuona nguzo za setilaiti zikija na yule mtembeaji akaambiwa akae nyumbani.

Afrika imeshalipa kwa kutoangalia. Solai, Kenya, tarehe 9 Mei 2018, tuta la bwawa la shambani lilipasuka usiku baada ya mvua kubwa, na watu wasiopungua 47 walikufa. Derna, Libya, Septemba 2023, matuta mawili yalikwenda usiku mmoja wa dhoruba, na waliokufa walihesabiwa kwa maelfu. Sisemi kipokezi kingewaokoa watu wa Derna. Maji yalizidi uwezo wa matuta yale. Nasema kwamba tuta linalopimwa lina mwenyewe, na mwenyewe huyo huona nyufa, vichaka vilivyoota na njia ya maji iliyoziba, kwa kuwa ana sababu ya kwenda. Yule mzee aligundua matundu ya kaa na panya yaliyopenya tuta letu kwa kuwa mshipi ulimpitisha hapo kila mwezi.

Najua jibu litakalotoka maofisini: fedha. Nalichukulia kwa uzito, maana skuli zinahitaji madarasa na vijiji vinahitaji maji ya kunywa. Lakini hesabu imebadilika. Zamani vipokezi viwili vya kazi hii vilikuwa bei ya gari. Siku hizi vipo vinavyosikiliza masafa mawili ya kila setilaiti vinavyouzwa kwa dola mia chache za Marekani, na vikitulizwa juu ya nguzo nzuri kwa saa za kutosha vinakaribia kazi ya vile vya bei. Gharama halisi ni nguzo na nidhamu. Na nidhamu ya aina hii tuliwahi kuionyesha. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba nzima kwa ndege zisizo na rubani, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na vijana wetu wenyewe ndio waliozirusha. Dunia ilikuja kujifunza kwetu. Ramani ile, pamoja na uzuri wake, ni sura ya siku moja. Tuta linataka kurudiwa. Vijana walioweza lile hawatashindwa na nguzo sita bondeni.

Nguzo zenyewe niseme zinavyotakiwa kuwa, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Niliwahi kuwa kwenye upimaji ambao kipimo cha pili kilionyesha tuta limepanda sentimita 4. Tuta la udongo bondeni halipandi hivyo. Tulitafuta siku mbili, tukakuta kwamba safari ya kwanza kimo cha antena kilipimwa kwa futi ya mkononi hadi alama iliyochorwa ubavuni mwake, na safari ya pili hadi ukingo wake wa chini. Kosa la mtu aliyechoka juani, na laiti lingeelekea upande wa pili, lingetangazwa kuwa tuta linazama. Tangu hapo sikubali stendi ya miguu mitatu juu ya tuta. Iwe nguzo ya zege, na juu yake skrubu ya chuma kisichoshika kutu, antena ikakae palepale kila mara, isibaki nafasi ya futi wala timazi. Na ing'ae kidogo, ipakwe rangi, iandikwe ni ya nini, la sivyo itafungwa ng'ombe.

Ninachopendekeza kiandikwe kwenye mikataba ni kifupi. Mkandarasi asilipwe malipo yake ya mwisho mpaka nguzo ziwe zimesimama, mawe ya rejea yamechaguliwa nje ya tuta, na kipimo cha kwanza kimekabidhiwa kabla ya maji kuingia. Nakala moja iende wizarani, moja Kamisheni ya Ardhi, na moja kwa sheha wa shehia husika, imeandikwa kwa Kiswahili, na juu yake jina la cheo cha mtu wa kuarifiwa mwendo ukibadilika. Nakala ya sheha naiona ya lazima kuliko zote. Maofisa huhamishwa na kompyuta hubadilishwa. Sheha anaishi pale ambapo tuta likikatika maji yatamfikia. Na kwa matuta ambayo yameshajengwa na hayana kipimo, kianze mwaka huu. Miaka iliyopita haitarudi, ila ijayo bado iko mikononi mwetu.

Februari, kaskazi ikivuma na bonde limekauka, nilirudi kwenye tuta letu. Lilishajengwa upya, pana zaidi. Chuma cha mashariki sikukiona. Jiwe lake limechimbwa matofali. Cha magharibi kipo, kimeliwa na kutu hadi kuwa chembamba kama penseli, lakini kwenye jiwe hakitikisiki. Nilikata mahali pembeni yake, nikaweka skrubu mpya, nikaitua antena juu yake saa moja ya asubuhi na nyingine kwenye nguzo ya kwanza ya tuta, na kijana wa skuli akakaa kuwafukuza mbuzi. Tuliziacha mpaka adhuhuri. Karatasi ya vipimo ameipokea sheha, ameitundika nyuma ya mlango wa ofisi. Kipimo cha pili tutachukua masika ikishakwisha.